Wimbo Mmoja, Matini Nyingi: Ulinganishi wa Rekodi za Maonyesho ya Grateful Dead

1.0 Utangulizi

Suala la matini asilia limewashughulisha wanazuoni wa fasihi simulizi kwa muda mrefu. Albert Lord, katika kitabu chake The Singer of Tales (1960), alishikilia kwamba katika sanaa simulizi kila utendaji ni matini kamili, wala si nakala yenye kasoro ya matini nyingine iliyoitangulia. Makala haya yanalichunguza dai hilo kwa kulinganisha rekodi za Grateful Dead, kundi la muziki la Marekani lililoundwa California mwaka 1965 na kukoma mwaka 1995 baada ya kufariki kwa mpiga gitaa wake, Jerry Garcia. Kundi hilo lilifanya maonyesho takriban 2,300. Kwa kuwa sehemu kubwa ya muziki wake ilitungwa papo hapo jukwaani, wimbo uleule haukupigwa kwa namna moja mara mbili. Hoja inayojengwa hapa ni kwamba rekodi inayopendwa zaidi haipati hadhi yake kutokana na ubora wa utendaji peke yake. Namna ilivyohifadhiwa na kusambazwa nayo huchangia.

2.0 "Dark Star" katika Rekodi Tatu

"Dark Star", wenye maneno ya Robert Hunter, ulitolewa kwanza katika santuri ndogo mwaka 1968, nao haukufikia hata dakika tatu. Kwa mtazamo wa kimaandishi, hiyo ndiyo ingekuwa matini asilia. Hata hivyo, ni wapenzi wachache wa kundi hilo wanaoichagua.

Rekodi ya pili ni ya tarehe 27 Februari 1969, katika ukumbi wa Fillmore West, San Francisco, iliyotolewa mwaka huohuo katika santuri ya Live/Dead. Hapa wimbo unachukua dakika 23. Maneno ni yaleyale, lakini yamegeuka kuwa vituo viwili vifupi katika safari ndefu ya ala. Besi ya Phil Lesh haiishii kushika mapigo, bali hujibizana na gitaa la Garcia, huku kinanda cha Tom Constanten na wapiga ngoma wawili wakiujaza usuli. Mwishoni wimbo unaingia moja kwa moja katika "St. Stephen".

Rekodi ya tatu ni ya tarehe 27 Agosti 1972, Veneta, Oregon, katika onyesho la kuichangia fedha kampuni ndogo ya maziwa, lililofanyika uwanjani siku ya joto kali. Wimbo unazidi dakika 30. Kundi lilikuwa limebadilika: mpiga ngoma alikuwa mmoja, na Keith Godchaux alipiga piano. Kwa sababu hiyo mapigo ni mepesi zaidi, na kwa muda mahadhi ya awali hupotea kabisa. Kisha, pasipo kutarajiwa, muziki huo unaangukia katika "El Paso", wimbo wa Marty Robbins unaosimulia mapenzi na mauaji.

Anayependa mshikamano wa umbo huelekea kuichagua rekodi ya 1969. Anayependa uthubutu huelekea kuichagua ya 1972. Hakuna anayeweza kumshinda mwenziwe kwa kurejelea "matini sahihi", kwa kuwa haipo. Ndiyo maana wapenzi hao hutambulisha rekodi kwa tarehe na mahali: muktadha wa utendaji umekuwa sehemu ya jina la matini.

3.0 Nafasi ya Mrekodi

Hadhira yenyewe ilishiriki katika uhifadhi. Kuanzia mwaka 1984 kundi liliwatengea warekodi sehemu maalumu katika maonyesho yake, na kanda zikabadilishanwa kwa sharti kwamba zisiuzwe. Lakini kanda hazikulingana. Onyesho la tarehe 8 Mei 1977 katika Barton Hall, Chuo Kikuu cha Cornell, lilirekodiwa na Betty Cantor-Jackson, fundi sauti wa kundi, moja kwa moja kutoka katika mitambo ya jukwaani. Mwaka 1986 kanda nyingi za fundi huyo ziliuzwa mnadani, na nakala zake zenye sauti safi zikaenea. Rekodi ya Cornell ikawa miongoni mwa zilizosifiwa kuliko zote, ikaingizwa katika orodha ya rekodi za kitaifa ya Maktaba ya Bunge la Marekani ya mwaka 2011, na kutolewa rasmi mwaka 2017. Umahiri wa wanamuziki usiku ule haukanushiki. Hata hivyo, onyesho lenye umahiri uleule ambalo kanda yake ni hafifu haliwezi kushindana nalo.

4.0 Hitimisho

Ulinganishi huu unaliunga mkono dai la Lord, na papo hapo unaliongezea tahadhari. Ni kweli kwamba kila utendaji ni matini kamili, lakini si kila utendaji hupata mrekodi. Mtafiti anayeinasa ngano mara moja, kwa fanani mmoja, kisha akaichapisha, huifanya kuwa ndiyo ngano yenyewe machoni pa wanafunzi. Wapenzi wa Grateful Dead waliepuka kosa hilo kwa kuhifadhi tofauti badala ya kuzifuta. Inafaa basi mtafiti wa fasihi simulizi arekodi zaidi ya mara moja, aandike tarehe, mahali na hadhira, na aeleze pia hali ya kinasa sauti chake, kwa kuwa nacho kimeshiriki katika kuiumba matini.