KIPIMO KILICHOSOMA SIFURI

Nataka kueleza habari za kipimo cha gesi ambacho mwalimu wetu wa sayansi aliniazima likizo ya Pasaka, nikasafiri nacho kutoka hapa Gitega hadi kwetu Muyinga.

Kipimo hiki hupima monoksidi ya kaboni, gesi itokayo katika makaa yanapoungua pasipo hewa ya kutosha. Haina rangi wala harufu. Ikiingia katika damu hushikamana nayo kuliko oksijeni mara 200 na zaidi, na mtu huumwa kichwa akidhani ni homa. Ndani ya kipimo mna seli ndogo yenye platini. Gesi ikipenya humo huzaa umeme kidogo sana, nao huonyeshwa kwa tarakimu: sehemu ngapi za gesi katika sehemu milioni za hewa.

Usiku mmoja wa mvua mama aliingiza imbabura ya makaa chumbani ili kukausha nguo. Nikabonyeza kitufe cha majaribio, kipimo kikalia vizuri. Nikasoma 0, nikawaambia wote walale. Alfajiri mdogo wangu alikuwa akitapika, hata kusimama hawezi. Tulifungua mlango, tukamtoa nje, tukambeba hadi kituo cha afya. Alipona, ashukuriwe Mungu. Kipimo kilikuwa kingali kinasema 0.

Niliporudi shuleni mwalimu alikigeuza, akanionyesha tarehe iliyoandikwa nyuma. Seli ilikuwa imekwisha muda wake zamani. Kile kitufe kilikuwa kikijaribu betri na kengele tu, wala si seli! Sikujua, na naona haya kuandika.

Basi, kipimo hutunzwa hivi. Kwanza kiwashwe nje, penye hewa safi, mpaka kitulie kwenye 0. Hiyo ni nusu tu ya kazi, maana hata seli iliyokufa husema 0. Kisha kipewe gesi ya chupa ambayo kiasi chake kinajulikana, tuseme 50, tuone kama kitasoma 50. Kikikosea kidogo hurekebishwa. Kisipopanda kabisa, seli hubadilishwa. Moshi wa jikoni haufai kwa kazi hii, kwa kuwa hakuna ajuaye una gesi kiasi gani. Vumbi lipanguswe, na spiriti iwekwe mbali, kwani mvuke wake huidanganya seli.

Msidhani ni taabu ya vipimo vidogo tu. Hata mashine kubwa zipimazo gesi kwa mwanga wa leza, kama ile iliyowekwa juu ya Mlima Mugogo huko Rwanda, mita 2,590 toka usawa wa bahari, husahihishwa kwa gesi za chupa vivyo hivyo.

Seli mpya ilipopatikana nilikirudisha kipimo Muyinga. Mama alisogeza imbabura mlangoni tu, kikasoma 38. Tangu siku hiyo nguo zetu hukaukia jikoni.