SOMO LA TISA: TAKA IPI NI MBOLEA, NA TAKA IPI NI SUMU?

Ndugu wanafunzi wa Karagwe na Kyerwa! Sogeeni karibu na redio, na kila mmoja ashike daftari na kalamu. Leo tutazungumza juu ya jambo mlifanyalo kila siku bila kulifikiri sana, nalo ni kutupa taka.

Tazama jalala la nyumba yako. Kuna nini humo? Kuna maganda ya ndizi, makapi ya maharagwe na majivu. Lakini pia kuna mfuko wa nailoni, betri ya tochi, na chupa ya dawa ya kunyunyizia kahawa. Vyote vimelala pamoja, na kuku na watoto wanachokora humo. Maganda ni chakula cha migomba. Chupa ile ni sumu. Ukivichanganya, mbolea yaharibika, na sumu yapata njia ya kuingia nyumbani. Basi kazi yetu leo ni kutenganisha. Tutagawa taka katika mafungu matatu.

FUNGU LA KWANZA: TAKA ZA KURUDI KIBANJANI

Wazee wenu walilijua jambo hili zamani. Migomba iliyo karibu na nyumba hunawiri kuliko ya mbali. Kwa nini? Kwa sababu maganda, majivu, na samadi ya ng'ombe waliolishwa nyasi za rweya vilirudi katika udongo uleule.

Siku hizi mikungu mingi hupakiwa katika malori na kwenda mijini. Kila mkungu huchukua sehemu ya rutuba ya shamba lako, hasa chumvi ya udongo iitwayo potasi. Kilichokwenda mjini hakirudi. Lakini maganda na majivu vina potasi pia, navyo vimebaki kwako. Usivitupe.

Fanya mboji hivi. Chagua mahali penye kivuli. Panga majani makavu chini, kisha maganda, kisha samadi, kisha majivu kidogo na udongo. Rudia mpaka lundo lifike kiunoni. Nyunyiza maji, ulifunike kwa majani ya mgomba, na uchomeke kijiti ndani yake. Baada ya siku chache chomoa kijiti, ukiguse. Kikiwa na joto, mboji yafanya kazi. Kikiwa kikavu na baridi, ongeza maji. Geuza lundo kila baada ya wiki tatu. Likigeuka udongo mweusi usionuka, limekuwa tayari.

Onyo moja. Tangu mwaka 2006 ugonjwa wa mnyauko wa migomba umejulikana mkoani Kagera. Mgomba mgonjwa usitiwe mbojini. Muulize bwana shamba namna ya kuung'oa na kuufukia, na usafishe panga lako kwa moto kabla ya kukata mgomba mwingine.

Hata taka za chooni zaweza kuwa mali, zikitunzwa kwa akili. Huko Karagwe shirika la wakulima liitwalo MAVUNO, pamoja na wataalamu kutoka Berlin, Ujerumani, lilijaribu choo kinachotenga mkojo na kinyesi. Kinyesi kilipashwa moto katika tanuri ili vijidudu vya magonjwa vife. Kisha kilichanganywa na vumbi la mkaa, mabaki ya jikoni na mkojo, kikaachwa kigeuke mboji. Mwaka 2014 mboji hiyo ilijaribiwa shambani. Uchachu wa udongo ulipungua, na mahindi yakazaa zaidi kuliko pale pasipotiwa kitu. Lakini angalieni: kinyesi kibichi kisimwagwe kamwe katika mboga. Huleta minyoo na magonjwa ya kuhara.

FUNGU LA PILI: VITU VYA KUTUMIA TENA

Kabla ya kununua kitu, jiulize: kikiisha kazi, kitakwenda wapi? Jani la mgomba lafunga chakula, na likiisha kazi lageuka mbolea. Kikapu chaenda sokoni miaka mingi. Mfuko wa nailoni hauozi, na mbuzi akiumeza waweza kuziba tumbo lake akafa. Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea vitu tangu tarehe 1 Juni 2019.

Plastiki iliyokwisha kuingia nyumbani usiitie motoni, wala usiwashie jiko kwayo. Moshi wake una sumu. Plastiki za namna nyingine zikichomwa hutoa sumu iitwayo dayoksini. Hutua juu ya nyasi, ng'ombe huzila, nayo hukaa katika mafuta ya maziwa. Mwaka 2001 mataifa yalifanya mapatano mjini Stockholm juu ya sumu 12 zisizoisha upesi. Dayoksini na DDT zimo. Tanzania ilithibitisha mapatano hayo mwaka 2004.

FUNGU LA TATU: SUMU

Hapa, ndugu, ndipo kusoma kunapookoa maisha. Chupa ya dawa ya shamba ina mkanda wa rangi. Nyekundu ni sumu kali sana. Njano ni sumu kali. Buluu ina hatari ya kiasi. Kijani ina hatari ndogo, lakini haina maana kwamba dawa hiyo yanyweka. Soma maneno yote kabla ya kufungua.

Usimimine dawa katika chupa ya soda, hata kwa siku moja. Mtoto hawezi kujua kwamba kilichomo si soda. Chupa ya dawa ikiisha, isuuze mara tatu, na maji yake uyatie katika bomba la kunyunyizia. Kisha itoboe, ili mtu asiweke humo maji, chumvi wala mafuta ya taa. Iweke mahali pa kufungwa, umwulize bwana shamba itakusanywa wapi. Betri zilizokwisha zitie katika kopo lenye kifuniko, mbali na watoto. Usizivunje wala kuzichoma.

Mtu akinywa sumu, usimtapishe. Mpeleke upesi katika zahanati iliyo karibu, au hospitali ya Nyakahanga au Isingiro. Chukua na chupa yenyewe, ili mganga asome ni sumu gani. Bila jina la sumu, hupotea wakati mwingi katika kubahatisha.

KAZI YA WIKI HII

Soma na uandike: mboji, rutuba, potasi, mkanda, sumu.

Jibuni pamoja darasani:
1. Kwa nini migomba ya karibu na nyumba hunawiri?
2. Kwa nini chupa ya dawa hutobolewa?
3. Mkanda wa njano una maana gani?

Mkifika nyumbani, wekeni vyombo vitatu, kimoja kwa kila fungu. Kila mmoja alete darasani karatasi yenye majina ya vitu vitano alivyovikuta katika jalala lake, na aandike fungu la kila kimoja. Kwaherini.