Je, Wajua? Kompyuta Inapopiga Kura ya Maneno

Je, wajua kwamba mashine ya kutunga mashairi ilioneshwa London mwaka 1845, kabla kompyuta haijazaliwa? John Clark aliiita Eureka. Ulilipa kiingilio cha shilingi moja, magurudumu yakazunguka, na baada ya kama dakika moja ukasoma mstari wa Kilatini uliotimia mizani. Maana? Hilo aliachiwa msomaji.

Je, wajua kwamba mwaka 1913 Andrei Markov, mwanahisabati wa Urusi, aliketi akahesabu herufi 20,000 za Eugene Onegin, utenzi mashuhuri wa Pushkin? Irabu zilikuwa 8,638. Alitaka kuthibitisha kwamba herufi moja huathiri ile inayoifuata. Programu zinazobahatisha neno kwa kutazama lililotangulia hutumia minyororo yenye jina lake hadi leo.

Je, wajua kwamba miongoni mwa kazi za mwanzo za kompyuta kulikuwa na kutongoza? Mwaka 1952, huko Manchester, Christopher Strachey aliipa mashine orodha za maneno matamu na kiunzi cha sentensi. Mashine ikachagua kwa nasibu na kutoa barua za mapenzi moja baada ya nyingine, zote zikitiwa sahihi “M.U.C.”, yaani kompyuta yenyewe. Nyingi zinachekesha. Hata hivyo, kuna barua za watu zisizozizidi.

Mwaka 1959 Theo Lutz, Mjerumani, alilisha kompyuta ya Zuse Z22 maneno kutoka riwaya ya Kafka, Das Schloss. Ilipiga kura, lakini kapu la kura alilijaza yeye, na kwa maoni yangu ushairi wote umo katika kulijaza kapu hilo.

Je, wajua kwamba mwaka 1961 Raymond Queneau wa Ufaransa alichapa soneti 10 tu, kila mstari kwenye ukanda wake wa karatasi, na zikazaa soneti 100,000,000,000,000? Ukisoma moja kwa dakika, usiku na mchana, utamaliza baada ya miaka zaidi ya milioni 190. Kompyuta haikuhitajika.

Je, wajua kwamba nasibu ya kompyuta kwa kawaida si nasibu kweli? Ni hesabu inayoanzia kwenye namba fulani. Irudishie programu ileile namba ileile, itakutungia shairi lilelile, nukta kwa nukta.

Na kwa Kiswahili? Mizani 16 za mstari wa tarbia zinahesabika kirahisi, maana silabi zetu nyingi huishia kwa irabu. Ila programu inayohesabu irabu pekee itaanguka kwenye “mtu”: irabu moja, mizani mbili. Malenga hatakusamehe.

Mwaka 2009 Nick Montfort aliandika Taroko Gorge, programu fupi inayotunga shairi bila kikomo. Wengi wameichukua, wakaacha msimbo ulivyo na kubadilisha maneno tu. Nawe waweza kuanzia hapo.