KWA MIGUU KATIKA MJI WA BRUGGE

Wengi wetu tunaye ndugu au mtoto aliyekwenda Ubelgiji kwa masomo au kazi. Siku ya mapumziko asijifungie chumbani. Na apande treni mpaka Brugge, mwendo wa saa moja hivi kutoka Brussels, naye avae viatu vigumu, maana njia zimetandikwa mawe. Kiongozi hahitaji. Mji wa kale ni mdogo. Akipotea, na atazame juu aitafute minara.

Sisi twaona yafaa kuanzia uwanja wa soko, chini ya mnara uitwao Belfort. Ujenzi wake ulianza karne ya 13, urefu wake ni mita 83, na mwenye kutaka kufika juu atapanda vidato 366. Mgeni hudhani ni mnara wa kanisa, kumbe ni wa raia. Kengele zake ziliwaita watu kazini, zikawaamsha moto ulipozuka. Ndani yake, nyuma ya milango ya chuma, zilitunzwa hati za haki walizopewa na watawala. Wafuma sufu na wachuuzi wale walijua vema thamani ya hati yenye muhuri!

Hatua chache tu, nasi tumo katika uwanja wa Burg. Pembeni lipo kanisa dogo la Mtakatifu Basili, la karne ya 12, zito, lenye giza. Juu yake hutunzwa masalio ya Damu Takatifu, yanayozungushwa mjini kwa maandamano kila sikukuu ya Kupaa Bwana. (Kanisa hilo la juu lilijengwa upya karne ya 19, rangi zake zisimdanganye mtu.) Ng'ambo, penye miti, palisimama kanisa la Mtakatifu Donasiani. Humo, tarehe 2 Machi 1127, Karoli Mwema, mtawala wa Flandria, aliuawa akisali. Wakati wa njaa alikuwa amewagawia maskini mkate. Waliomwua walikuwa wa ukoo wenye nguvu, ambao yeye alidai kuwa ni wa asili ya utumwa. Kanisa lenyewe lilibomolewa mwaka 1799.

Tupite sasa njia nyembamba iitwayo ya Punda Kipofu, tufike kwenye mfereji. Hapa yafaa kusimama kidogo. Dhoruba ya mwaka 1134 ilifungua mkono wa bahari, Zwin, na kwa njia hiyo Brugge ilitajirika. Kisha mchanga ukaujaza mkono ule polepole, na kufikia mwaka 1500 biashara ilikuwa imehamia Antwerpen. Mji ukawa maskini kwa karne nyingi. Lakini asiye na fedha habomoi nyumba ya babu yake ajenge mpya; ndiyo sababu kuta hizi tunaziona leo. Wajukuu wa wale waliofilisika sasa wanaishi kwa wageni wanaokuja kuutazama ufukara ule.

Tukifuata maji twafika kanisa la Bikira Maria, lenye mnara wa matofali unaopita mita 115. Ndani yumo Bikira na Mtoto, sanamu ya marumaru ya Michelangelo, iliyonunuliwa na wafanya biashara wa hapa. Wafaransa waliichukua mwaka 1794, Wajerumani mwaka 1944. Mara zote mbili ilirudi.

Mkabala wake ni hospitali ya Mtakatifu Yohane, ya karne ya 12, ambayo siku hizi ni makumbusho. Wagonjwa, wasafiri na maskini walilazwa chini ya paa moja, altare ikiwa karibu.

Mwisho twavuka daraja kuingia Begijnhof, mahali palipoanzishwa mwaka 1245 kwa wanawake waliotaka kusali na kujitafutia riziki kwa mikono yao bila kuweka nadhiri za daima. Mwaka 1927 waliingia humo masista Wabenedikto. Nyumba ni nyeupe, miti ni mirefu, na wageni huombwa wanyamaze. Jioni lango hufungwa, basi tusichelewe. Kutoka hapo hadi stesheni ni mwendo mfupi.