Kabla ya kununua baiskeli, pima miguu yako

Zamani baiskeli mjini ilihesabiwa kuwa chombo cha mwuza maziwa, mpeleka mkate na bawabu wa usiku. Mtu akipata kazi ya ofisini, aliiachia ndugu zake wa mashambani na kuanza kuweka akiba ya gari. Siku hizi mambo yamegeuka. Ukipita katika msitu wa Karura jijini Nairobi asubuhi ya Jumamosi, utawakuta mawakili, walimu na wahasibu wakikanyaga pedali huku jasho likiwatiririka. Wengi wamepita umri wa miaka 35, na baadhi yao wametumwa na daktari.

Daktari huyo ana sababu nzuri. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri kila mtu mzima afanye mazoezi ya wastani kwa dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Kiwango cha chini ni sawa na nusu saa kwa siku, siku tano. Mwaka wa 2017, jarida la kitabibu la BMJ lilichapisha utafiti uliofuatilia Waingereza zaidi ya 260,000. Wale waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ndogo ya kufa katika kipindi hicho, pungufu kwa asilimia 41 hivi, wakilinganishwa na waliokwenda kwa gari au matatu za kwao. Ni kweli kwamba utafiti wa aina hii hauwezi kuthibitisha kuwa baiskeli pekee ndiyo iliyowalinda. Hata hivyo, unakubaliana na yale tunayoyaona kila siku kwa wagonjwa wa kisukari na shinikizo la damu ambao wameamua kuutumikisha mwili.

Lakini kuna jambo linalonisikitisha. Wagonjwa wengi ninaowashauri hununua baiskeli, huiendesha wiki tatu, kisha huitia stoo. Ukiwauliza sababu, mmoja atakwambia goti linauma, mwingine atalalamikia mgongo, na wa tatu atasema vidole vinakufa ganzi. Wote huamini kwamba umri umewatupa mkono na kwamba mazoezi si yao tena. Kumbe aghalabu kosa si la mwili. Ni baiskeli iliyochaguliwa kwa rangi yake na kwa wingi wa gia zake, bila mtu kuuliza kama inamtosha mwenyewe. Mgonjwa amepoteza pesa, na shinikizo la damu limebaki pale pale.

Kwa hivyo, msomaji, ikiwa unafikiria kununua baiskeli yako ya kwanza ya maana ukiwa mtu mzima, soma haya kwanza.

UTAIENDESHA WAPI?

Usiingie dukani kabla ya kujibu swali hili. Baiskeli ya milimani ina tairi pana zenye meno, na hufaa njia za vumbi na mawe. Ile ya mbio ina tairi nyembamba na usukani uliopinda kuelekea chini. Hukimbia sana kwenye lami, lakini hukulazimisha kuinama, jambo ambalo mgongo usiozoea huwa haulipendi. Kati ya hizo mbili kuna baiskeli ya mjini, yenye usukani ulionyooka, tairi za upana wa kadiri na nafasi ya kufunga karia na madigadi. Kwa mtu wa miaka 40 anayetaka kwenda kazini na kutembea kidogo mwisho wa wiki, hii ya tatu ndiyo ninayoipendekeza mara nyingi.

Ile baiskeli nyeusi tuliyoizoea, Black Mamba, ni imara na hubeba mzigo bila kulalamika. Lakini uzito wake huzidi kilo 20 na kwa kawaida haina gia. Mahali tambarare kama kisiwani Mombasa, itakufaa. Kutoka katikati ya Nairobi kupanda hadi Ngong, itayatesa magoti ya mtu anayeanza.

Jihadhari pia na baiskeli za bei ya chini zenye springi mbele na nyuma. Zinavutia macho, lakini springi hizo huongeza uzito, hunyonya nguvu zako unapopanda mlima na huharibika upesi. Kwa pesa zizo hizo, baiskeli isiyo na springi huwa na breki na magurudumu bora zaidi.

KIPIMO CHA MGUU

Hapa ndipo penye siri. Vua viatu, simama ukiegemea ukuta, kisha weka kitabu kigumu katikati ya mapaja na ukipandishe mpaka kikubane kama kiti cha baiskeli. Mwombe mtu apime kutoka ukingo wa juu wa kitabu hadi sakafuni. Andika kipimo hicho na uende nacho dukani.

Panda baiskeli kwa kuipanua miguu juu ya chuma cha juu cha fremu, nyayo zote mbili zikiwa chini. Kati yako na chuma hicho kuwe na nafasi ya sentimita tatu hadi tano. Kwa baiskeli ya milimani, nafasi iwe kubwa zaidi. Kama chuma kinakugusa, fremu hiyo ni kubwa kwako, na muuzaji asikudanganye kwamba utaizoea. Kiti huinuliwa na kuteremshwa, lakini fremu haipunguzwi. Mwenye nyonga ngumu, au anayevaa sketi, atafute fremu ambayo chuma chake cha juu kimeteremshwa. Si aibu mwanamume kuitumia.

Sasa kiti. Zidisha kile kipimo cha mguu kwa 0.88. Jibu utakalopata ndio umbali wa kuanzia katikati ya mhimili wa pedali hadi juu ya kiti. Mwenye kipimo cha sentimita 80 atakuwa na kiti cha sentimita 70 hivi. Kama huna futi, kaa kitini ukishika ukuta, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke wote. Ukirudisha sehemu ya mbele ya unyayo kwenye pedali, goti litakunjika kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Mwisho, shika usukani. Viwiko vikunjike kidogo na mabega yalegee. Ukijiona kama unajinyoosha kufikia kitu cha mbali, baiskeli ni ndefu mno kwako.

MAUMIVU YANASEMA NINI?

Mwili husema mapema mahali penye kasoro. Goti likiuma upande wa mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno, au unasukuma gia nzito. Likiuma nyuma, huenda kiti kimepanda mno. Nyonga zikiyumba huku na huku unapokanyaga, teremsha kiti kidogo. Vidole vikifa ganzi, hasa kidole kidogo na cha pete, ni kwa sababu neva inayopita kiganjani inabanwa na usukani. Inua usukani na ubadilishe mahali pa kushika kila baada ya dakika chache.

Wanaume huniuliza swali moja kwa sauti ya chini: je, baiskeli huua nguvu za kiume? Mwaka wa 2018, Journal of Urology lilichapisha utafiti uliowalinganisha waendeshaji baiskeli na wanaume wanaoogelea au kukimbia. Waendeshaji baiskeli hawakuonekana kuwa na upungufu wowote katika jambo hilo, isipokuwa walipata ganzi zaidi sehemu za siri. Ganzi si ya kupuuzwa. Chagua kiti ambacho mifupa ya makalio inakaa sawasawa juu yake, pua ya kiti isielekee juu, na usimame juu ya pedali mara kwa mara. Kiti kipana na laini kama mto si lazima kiwe bora, kwani mwili huzama na sehemu laini ndizo zinazobanwa. Ganzi ikiendelea baada ya marekebisho hayo, mwone daktari.

BREKI KWANZA, GIA BAADAYE

Watu wengi huuliza, "Ina gia ngapi?" Swali la kwanza lapasa kuwa, "Inasimamaje?" Nenda na sumaku ndogo. Kama breki zinabana ringi, weka sumaku hiyo kwenye ringi. Ikinata, ringi ni ya chuma, na ringi ya chuma inayong'aa ikilowa maji hupunguza nguvu za breki sana. Wakati wa mvua za masika, hilo ni jambo la uhai na mauti. Ringi ya aluminiamu haishiki sumaku na husimama vizuri zaidi. Breki za diski nazo hufanya kazi vyema katika mvua na matope, mradi fundi aliye karibu nawe anazifahamu.

Kuhusu gia, idadi haina maana kubwa. Linalokufaa ni gia moja nyepesi sana ya kupandia mlima. Goti hupenda mizunguko mingi myepesi kuliko michache mizito. Jaribu kukanyaga mara 60 hadi 80 kwa dakika. Kama unapanda mlima na huwezi kufikia hapo hata kwa gia nyepesi kabisa, baiskeli hiyo haikufai.

YA MTUMBA JE?

Baiskeli iliyotumika ng'ambo yaweza kuwa bora kuliko mpya ya bei iyo hiyo, lakini ichunguze kama unavyochunguza gari. Angalia chini ya fremu, karibu na mahali inapoungana na usukani. Rangi iliyokunjamana au ufa mdogo ni dalili kwamba iligonga kitu. Hiyo iache. Inua gurudumu na ulizungushe. Likiyumba kidogo, fundi atakaza spoki, lakini likipiga breki kila mzunguko, ringi imepinda. Tazama kando za tairi, kwa sababu mpira wa zamani hupasuka mistari midogo midogo hata kama meno yake ni mapya.

Pima mnyororo pia. Pini ya kwanza na ile iliyo mbele yake kwa vipande 24 vya nusu inchi zilizo ndani ya inchi 12, yaani sentimita 30.5, ziwe zimelala sawa na rula ukianza kuhesabu mwanzoni. Zikizidi hapo kwa moja ya nane ya inchi, jua kwamba mnyororo umechakaa na umekula meno ya gia pia. Muuzaji apunguze bei.

Omba risiti na uandike nambari iliyochongwa chini ya mhimili wa pedali. Kununua mali ya wizi ni kosa mbele ya sheria hata kama bei ilikuwa tamu. Aidha, muulize fundi wa mtaani kwako kama vipuri vya ukubwa wa ringi hizo vinapatikana.

Usiyeamini macho yako, kodi kwanza. Karura wanakodisha baiskeli, na hali kadhalika langoni mwa Hell's Gate kule Naivasha. Saa moja juu ya baiskeli ya kukodi itakufunza zaidi ya maneno ya muuzaji.

USIMALIZE PESA ZOTE

Tenga angalau sehemu moja ya tano ya pesa zako kwa helmeti, taa ya mbele na ya nyuma, pampu na kufuli. Uchambuzi uliokusanya tafiti 40 na kuchapishwa mwaka wa 2016 ulionyesha kwamba miongoni mwa waendeshaji walioumia, waliovaa helmeti walipata majeraha mabaya ya kichwa kwa kiwango cha chini kwa karibu asilimia 70. Helmeti ikae vidole viwili juu ya nyusi, na ikishapata dhoruba ya ajali, itupe. Barabara ya Thika ina njia ya baiskeli, lakini barabara zetu nyingi hazina, kwa hivyo hakikisha dereva anakuona.

KABLA YA KUANZA

Mwone daktari kwanza ikiwa umewahi kuumwa na kifua ukipanda ngazi, ikiwa shinikizo lako la damu halijadhibitiwa, au ikiwa huzimia. Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari abebe peremende au soda mfukoni, na apime sukari kabla ya kuondoka. Mwenye magoti yaliyochakaa asiogope, kwa maana uzito wa mwili hubebwa na kiti na goti hupata nafuu kuliko katika kukimbia.

Anza na dakika 15 au 20, siku tatu kwa wiki, mahali pasipo na magari mengi. Mwendo uwe wa kuweza kuzungumza lakini si kuimba. Ongeza dakika chache kila wiki. Baada ya wiki mbili au tatu, irudishe baiskeli kwa fundi akaze spoki na nyaya za breki, kwani huwa zinalegea mwanzoni.

Baada ya miezi mitatu, rudi kwa daktari upimwe. Huenda shinikizo au sukari imeshuka, na huenda daktari akapunguza dozi. Lakini uamuzi huo ni wake. Usiache vidonge vyako nyumbani eti kwa sababu umenunua baiskeli.