Kufundisha Sentensi za Masharti kwa Sera ya Nishati

Mifano ya -ki-, -nge- na -ngali- iliyomo vitabuni mara nyingi haina uzito: "Ningekuwa tajiri, ningenunua gari." Programu ya En-ROADS, iliyotengenezwa na Climate Interactive na MIT ya Marekani, hupatikana bure kwenye intaneti na yaweza kutusaidia. Mwanafunzi hubadili kiwango cha makaa ya mawe, kodi ya kaboni au upandaji miti, na papo hapo huona makadirio ya joto la dunia mwaka 2100. Mkataba wa Paris wa 2015 unataka ongezeko libaki chini kabisa ya nyuzi 2, na nchi zijitahidi lisizidi 1.5.

Kila kikundi kitabiri kwanza: "Tukipanda miti zaidi, tutafikia lengo." Wakijaribu, wataona joto limepungua kidogo tu, nao watalazimika kusema: "Hata tungepanda miti mingi, isingetosha." Kisha: "Dunia ingalianza mapema, kazi ingalikuwa nyepesi."

Mwalimu atofautishe mapema makaa ya mawe na mkaa, kwani hapa Uganda wanafunzi wamezoea zaidi mkaa wa kupikia. Kompyuta moja na projekta vinatosha darasa zima.