Nyumba ya Wilhelmstrasse 77, Pale Nchi Yetu Ilipoandikwa Bila Sisi



Mara nyingi tunazungumza hapa juu ya nyumba: kuitunza, kuijenga, kugombania karatasi zake. Juma hili tunawapeleka kwenye nyumba moja ya mbali. Hakuna hata mmoja wetu aliyekanyaga mlango wake, lakini yenyewe iliingia katika maisha yetu sisi wote. Ilikuwa mjini Berlin, Ujerumani, kwenye barabara ya Wilhelmstrasse, namba 77. Watoto wetu wanasikia kalasini juu ya "Mkutano wa Berlin". Tuwaambie basi ulifanyika katika nyumba ya nani.

Nyumba ya wakubwa

Katika miaka ya 1730 mfalme wa Prussia alitaka barabara ile ipendeze. Wakubwa wakajenga huko nyumba zao. Mmoja wao alikuwa Adolf Friedrich von der Schulenburg, jemadari wa ukoo mkubwa. Hakuifurahia sana nyumba yake. Ilimalizika mwaka 1739, naye akafa vitani mwaka 1741.

Mwishoni mwa karne hiyo nyumba ilinunuliwa na jamaa ya Radziwill, wakubwa wenye asili ya Poland na Lithuania. Anton Radziwill alikuwa mtu wa muziki, na mke wake Luise alikuwa binti wa ukoo wa mfalme. Mama Luise aliifanya nyumba hiyo kuwa mahali pa kupokea wageni, kuimba na kuzungumza. Mjini kote ilijulikana kwa jina la jamaa yake.

Binti yao, Elisa, alipendwa na Wilhelm, mtoto wa mfalme. Walipendana miaka mingi. Lakini wazee wa ukoo walikaa, wakapima damu na vyeo, wakaona Radziwill hawajafikia cheo cha kuolewa na mtoto wa mfalme. Mwaka 1826 Wilhelm alikatazwa kabisa. Elisa alikufa mwaka 1834, hajaolewa. Sisi tunaojua namna wazee wanavyoweza kukaa juu ya ndoa ya watoto bila kuwauliza watoto wenyewe, tunaielewa habari hiyo bila mkalimani.

Nyumba inakuwa ya serikali

Yule Wilhelm baadaye akawa mfalme, na mwaka 1871 akawa kaisari wa Ujerumani nzima. Miaka michache baadaye serikali yake iliinunua nyumba ya akina Elisa. Walipoimaliza kuitengeneza, Bismarck, mkubwa wa serikali, akahamia humo. Ukumbi ambamo mama Luise alikuwa akipokea wageni na waimbaji ukawa wa mikutano ya mataifa. Mwaka 1878 wakubwa wa Ulaya walikaa humo mwezi mmoja, wakipanga mipaka ya nchi za Balkani.

Halafu ikafika zamu yetu. Tarehe 15 mwezi wa 11 mwaka 1884, wajumbe wa nchi 14 waliketi kwenye meza iliyopindwa kama kiatu cha farasi. Ukutani ilitundikwa ramani kubwa ya Afrika. Walikuwamo Wajerumani, Waingereza, Wafaransa, Wareno, Wabelgiji, hata Wamarekani na Waturuki. Mwafrika hakuwamo hata mmoja. Walikaa mpaka tarehe 26 mwezi wa 2 mwaka 1885.

Watu wengi husema Afrika yote ilikatwa vipande mezani pale. Sivyo hasa. Mipaka mingi iliandikwa baadaye, katika mapatano ya wawili wawili. Kilichoandikwa pale ni sheria za mchezo: bonde la mto Congo liwe wazi kwa biashara ya wote, na anayetaka pwani ya Afrika aonyeshe kwamba ameishika kweli. Na kabla wajumbe hawajaondoka Berlin, mataifa yalikuwa yamelikubali shirika la Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, kuwa ni serikali. Mwaka huo huo akajiita mfalme wa Congo. Mwenyewe hakuja Congo hata siku moja mpaka kufa kwake.

Habari ilipofika kwetu

Mwaka 1885 watu wa hapa hawakusikia lolote. Nchi yetu ilikuwa na wenyewe. Huko Bunkeya, humu humu jimboni Lualaba, alitawala Msiri, mfalme wa Wayeke, na shaba ya Katanga ilikuwa inauzwa mbali tangu zamani. Hakuna mtu aliyemwandikia barua kwamba kuna mkutano Berlin.

Habari ilimfikia miaka sita baadaye, ikiletwa na bunduki. Msafara wa Stairs, uliotumwa kwa ajili ya Leopold, ulifika Bunkeya mwezi wa 12 mwaka 1891 ukimtaka Msiri akubali bendera. Alikataa. Tarehe 20 alipigwa risasi na afisa mmoja wa msafara, Bodson, ambaye naye aliuawa hapo hapo. Bendera ikapandishwa. Mwaka 1906 ikaanzishwa Union Minière. Baadaye ikaja reli, ile inayogawanyika hapa Tenke, moja kwenda Kamina, nyingine kwenda Kolwezi mpaka bahari ya Lobito. Baba zetu na babu zetu waliitumikia. Kwa hiyo ukisikia masinya ikilia usiku, jua kwamba njia yake ilianzia mbali kuliko stesheni.

Mawe hayakubaki

Na nyumba yenyewe je? Wakubwa wa serikali waliendelea kukaa humo, mmoja baada ya mwingine. Kuanzia mwaka 1933 ilimpata Hitler. Chini ya bustani yake lilichimbwa handaki la saruji, na humo ndimo Hitler alijiua tarehe 30 mwezi wa 4 mwaka 1945. Mabomu na vita vya siku za mwisho viliiacha nyumba ikiwa magofu, na baada ya vita magofu yakabomolewa. Mahali hapo pakabaki uwanja mtupu karibu na ukuta uliougawa mji wa Berlin.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 serikali ya Ujerumani Mashariki ilianza kujenga magorofa ya watu kwenye barabara ile. Leo jamaa za kawaida zinaishi hapo. Wamama wanatoka asubuhi na watoto wao, nguo zinaanikwa kwenye roshani. Pale ulipokuwa ukumbi wa ramani, mtu anapika chakula cha jioni.

Lakini Waafrika wanaoishi Berlin hawakukubali pasahaulike. Kibao kiliwekwa kukumbusha mkutano ule, na kila mwaka mwezi wa 2, mwezi ule mkutano ulipofungwa, watu hukusanyika hapo na kutembea kwa ukumbusho. Kuanzia mwaka 2020, kwa miaka kadhaa, kulikuwa na ofisi kwenye barabara hiyo hiyo ambamo wajukuu wa wale ambao hawakualikwa walikaa, wakasimulia habari hii kwa mdomo wao wenyewe. Jumba lenyewe limekwisha. Yale yaliyoandikwa ndani yake yanaendelea kutembea.

Sisi na meza zetu

Tumewaletea habari hii kwa sababu meza ziko hata kwetu. Sheria ya migodi iliyorekebishwa mwaka 2018 inaomba kampuni ziandike cahier des charges pamoja na watu wanaokaa karibu na mgodi, na zitoe angalau 0,3% ya mauzo yao ya mwaka kwa maendeleo ya watu hao. Kisima, masomo, dispensari, mahali pa kuhamishia kijiji: hayo yote yanaandikwa mezani. Mara nyingi wanaoketi ni wakubwa na wanaume, na mama anakuja kujua siku gari la kubomoa limefika shambani.

Msiri hakualikwa. Elisa hakuulizwa. Sisi tunaweza kuuliza kabla: mkutano ni siku gani, nani anatusemea, karatasi imeandikwa kwa lugha gani, na nakala yake iko kwa nani? Mama asiyejua kusoma Kifaransa ana haki ya kusomewa kwa Kiswahili kabla kidole chake hakijatiwa wino.

Juma hili, baada ya chakula, chukueni daftari ya jiografia ya mtoto. Mwombeni aonyeshe Tenke, Bunkeya na mpaka wa nchi yetu. Kisha mwulizeni: mstari huu, nani aliuchora, na alikuwa ameketi wapi? Halafu mwambieni habari ya nyumba namba 77.

Mkae na amani, na karatasi za parseli zenu ziwekeni mahali panya hawafiki.